Pazia la Mwezi Mpevu

Jashuben aliniambia mambo matatu kabla ya kunikabidhi pazia lake: nisile nyama siku nitakayolishika, nioge kwanza, na nisilifue. Yote matatu niliyafuata. Habari ya pasi hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Nashona Mayfair, mjini Joburg, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Suhaib, Msomali aliyekulia Nairobi. Mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumbani ni Troyeville, chumba kimoja na jiko la kushiriki, lakini mchana wangu wote umekwenda kwenye baraza ile, mguu kwenye pedali, macho barabarani. Nyumba ya Jashuben iko ng'ambo, ya zamani, paa la bati jekundu, na mjakaranda mbele ya geti. Mtaa wetu ni wa misikiti. Yeye na marehemu mumewe walikuwa Wabaniani wa mwisho wa mwisho pale.

Tulijuana kwa sababu ya zipu. Nilikuwa nabishana na Suhaib juu ya zipu mbovu alizoniuzia, akavuka bibi mmoja wa sari nyeupe, na fimbo, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Nani anasema Kiswahili kibaya namna hii?"

"Ni miye, mama."

"Wa wapi wewe?"

"Butembo. Kongo."

"Ndiyo maana," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja kana kwamba alialikwa.

Yeye alizaliwa Mwanza. Baba yake aliuza khanga na amerikani, na Kiswahili alikinywa dukani pamoja na maziwa. Kwao neno lile "ben" ni kama dada, lakini alinizidi miaka karibu thelathini, nikamwita Mama Jashu. Yeye aliniita Mama Orpha, kwa jina la binti yangu. Wote wawili tulikuwa wajane. Hilo hatukulizungumza siku ile. Lilionekana tu, jinsi kila mmoja wetu alivyokuwa hana haraka ya kwenda nyumbani.

Kila asubuhi saa mbili na nusu nilisikia kengele yake ndogo kutoka ng'ambo. Hapo alikuwa anamwamsha mungu wake. Alikuwa na picha ya Krishna akiwa mtoto, imechorwa kwa mkono, kubwa kama daftari la shule, imewekwa kwenye kijumba cha mbao chenye pazia dogo. Alimwita Thakorji, maana yake ni kama bwana mwenye nyumba. Asubuhi anafungua pazia, anampa maziwa. Mchana anafunga, bwana anapumzika. Jioni anafungua tena. Mwezi wa sita, baridi ya Joburg ilipoanza kuuma, alikuja kuniomba nishone shali ya sufu ya picha ile.

"Mama, picha inasikia baridi?"

"Mumeo alipokuwa hai, usiku ulimfunika?"

"Nilimfunika."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Basi shona."

Nikashona, na pindo nikalitia uzi wa dhahabu, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini nilimwambia wazi kwamba mimi ni mtu wa kanisa, mmoja wa akina mama wa maombi, na kwamba chakula kilichotangulia mbele ya picha yake sitakila. Nilimwambia kwa sababu alikuwa amenieleza mwenyewe kwamba ndani ya nyumba yake hakuna kinacholiwa kabla Thakorji hajaonja. Hata chumvi ya mchuzi haonji akiwa anapika. Anakadiria kwa jicho, asije akamtangulia. Basi nilimwambia, "Mama, usinikasirikie, hayo kwetu ni makatazo." Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa."

Tangu siku ile vitu vyake vya kutafuna, ladu na maandazi ya iliki, vilinijia kwenye bakuli lenye kifuniko cha kijani. "Hivi unaweza," alisema. Nikajua vya dukani. Nilikula miaka miwili.

Mwaka huu mwezi wa nane Mama Jashu alianguka bafuni. Mfupa haukuvunjika, ila mwanawe Hemant, anayeishi Durban, alikuja akakaa siku nne akipiga simu, na alipomaliza kupiga simu mambo yalikuwa yamekwisha. Nyumba ingeuzwa. Mama yake angehamia nyumba ya wazee kule Durban, karibu na yeye. Ni mahali pazuri, alisema, pana nesi mchana na usiku. Ghorofa ya tatu. Picha ndogo inaruhusiwa. Kupiga misumari ukutani hakuruhusiwi, wala kuwasha taa ya samli, kwa sababu ya moto.

"Na pazia langu la mwezi mpevu?" aliuliza Mama Jashu. Nilikuwepo, nilikuwa napima mapazia ya madirisha ili yatolewe.

"Utalitunza kwenye sanduku, Ba. Litakuwepo." Ba kwao ni mama.

Mwanawe alipotoka kuongea na simu yake, Mama Jashu akaniambia, "Atakuja kunichukua Jumamosi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Nimemwomba hilo tu. Lazima nilitundike mara moja zaidi."

Pazia lenyewe sikuwa nimeliona, kwa sababu alilitoa mara moja tu kwa mwaka, jioni ya mwezi mpevu wa mwezi wa kumi, likabaki ukutani hadi asubuhi, kisha likarudi kwenye sanduku la chuma. Lilikuwa la mama mkwe wake, na kabla yake la mama mkwe wa mama mkwe. Tulipolifunua pamoja Jumanne ya wiki ya mwezi mpevu, panya alikuwa ametangulia. Chini kwenye pindo, kwato za ng'ombe wawili waliochorwa zilikuwa zimeliwa, na tundu lilikuwa kubwa kuliko kiganja changu.

Mama Jashu alikaa kitandani. "Jumatano, Alhamisi, Ijumaa," alihesabu kwa vidole. "Unaweza?"

"Naweza, mama."

Lilikuwa kubwa kuliko shuka la kitanda cha watu wawili. Usiku wa rangi ya bilinganya, na mwezi wa fedha juu. Katikati mti, na chini ya mti Krishna, kijana sasa, si mtoto, mwili wa buluu, filimbi mdomoni. Kila upande wanawake wanne wameinua mikono. Chini kabisa, ng'ombe, shingo zao zimeelekea juu kwake, na hakuna ng'ombe aliyefanana jicho na mwenzake. Niliwatazama sana wale wanawake. Walipambwa, walivaa vizuri, lakini walisimama kama watu waliosimama muda mrefu.

"Wanangoja nini?" nikauliza.

"Amepiga filimbi, wameacha kila kitu. Sufuria ziko motoni, watoto hawajanyonya. Wamekuja kucheza naye. Halafu katikati ya ngoma atawatoroka, ajifiche, na wao watamtafuta porini, wanaiuliza miti." Akavuta pumzi. "Bibi yangu alisema kucheza naye ni rahisi, kila mtu anaweza. Kumpenda ni kule kuuliza miti."

Nikamkumbuka mume wangu. Marehemu Firmin alikuwa mlinzi wa usiku Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Alirudi saa kumi na mbili asubuhi, miaka yote, na mimi saa kumi na moja nilikuwa nimeamka kumchemshia maji ya kuoga. Homa ilimchukua kwa wiki mbili tu. Baada ya mazishi niliendelea kuchemsha maji miezi mitano. Nilijua hayupo. Nilichemsha tu, yakapoa, nikafulia.

Jumatano ni siku yetu ya kufunga na kuomba, kwa hiyo sharti la nyama halikunisumbua, sikula chochote. Nilioga alfajiri kwa ndoo. Nilifika barazani mapema kabla ya wateja, nikatandika gazeti mezani, juu yake shuka safi, ndipo nikalifungua pazia. Kiraka nilikuwa nimekiandaa usiku uliotangulia, cha amerikani niliyoichovya kwenye chai ya rangi mpaka ikazeeka. Nikakishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, na kwato za ng'ombe nikazifuma kwa uzi wa kijivu. Mpaka saa nne nilikuwa nimemaliza, na nasema bila kujisifu kwamba usingejua panya alipita wapi.

Lakini kiraka lazima kipigwe pasi, kilale. Na kitambaa kizee hupigwa pasi kupitia kitambaa kingine chenye unyevu, hivyo ndivyo nilivyofundishwa Butembo na hivyo ndivyo nimefanya maisha yangu yote. Tambara langu la pasi lilikuwa pale kwenye msumari. Nikaliangalia. Limepigia pasi suruali za walevi, sketi, sare za walinzi, koti la mtu aliyekufa. Nikaona si adabu. Mama wa watu amenitaka nioge, halafu nilifunike pazia lake na tambara lile? Nikafungua mkoba, nikatoa fulare yangu, kitambaa cha kichwa cha akina mama wa maombi, nyeupe, imefuliwa na kukunjwa, na msalaba mdogo wa uzi wa bluu kwenye pembe. Hicho ndicho kilikuwa kitu safi kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Nilijaribu kwanza pembeni, kwenye ukingo mwekundu uliolizunguka pazia. Rangi haikutoka hata chembe. Sikufikiri kwamba ukingo ule ulikuwa kitambaa cha dukani kilichoungwa baadaye, na kwamba katikati palikuwa na rangi ya mawe na gundi, imepakwa kwa brashi. Nilipaswa kufikiri. Mshono wa kuungia niliuona kwa macho yangu.

Kiraka kililala vizuri. Nikaona niilaze na ile mikunjo ya miaka, iliyopita katikati ya mti mpaka kwa Krishna chini yake. Nikanyunyiza maji, nikatandaza fulare, nikaweka pasi, mvuke ukapanda. Harufu ikaja, kama ulimbo. Nikainua fulare.

Alikuwa amekuja nayo. Uso, shingo, kifua, mikono, yote ya buluu, imehamia kwenye fulare yangu, amegeuka, filimbi inaelekea upande mwingine. Na kwenye pazia, chini ya mti, kati ya wale wanawake wanane, palibaki mavazi yake ya manjano na taji, bila mtu ndani.

Nilikaa. Sikulia, maana machozi yangedondokea pazia.

Suhaib alitoka na kikombe chake cha shaah, chai ya Kisomali. Akatazama pazia, akatazama fulare, akatazama pazia.

"Wallahi, mama. Huyu amehama."

"Usinichekeshe, Suhaib."

"Sichekeshi." Akaweka kikombe chini, mbali na meza. "Yule bibi anajua?"

"Bado."

"Basi sikiliza. Mjini wanauza rangi ya vitambaa, kichupa kidogo tu. Buluu ni buluu. Macho yake yana ukungu, juzi aliusalimia mlango akidhani ni mimi. Ijumaa atalitazama na taa ndogo, Jumamosi linaingia sandukuni mpaka siku ya kiyama. Umemsaidia, umejisaidia."

"Na Mungu?"

"Wa kwako au wa kwake?" akasema. "Eish, mama, mimi nauza vitambaa tu."

Alhamisi nilikwenda mjini, nikanunua kichupa. Sifichi. Nikanunua na brashi mbili. Nikajaribu kwenye kipande cha amerikani, na rangi ilikuwa ileile, au karibu. Mkono wangu hautetemeki, nimetia mashimo ya vifungo maelfu. Nikaketi mbele ya pazia, brashi mkononi, nikainamisha uso karibu.

Ndipo nikaona mistari. Buluu ilipotoka, iliacha mchoro wa chini, mstari mwembamba wa kahawia kama unywele. Yule mchoraji, sijui nani, sijui lini, alikuwa ameuchora mkono ulioshika filimbi mara tatu. Mara ya kwanza uko juu mno. Mara ya pili vidole vimekaa vibaya. Mara ya tatu ndiyo aliyoipaka rangi. Na macho alikuwa ameyachora, akayaacha, akayachora tena yakiangalia chini kidogo, kumtazama mwanamke wa mwisho kushoto, yule aliye nyuma ya wenzake. Nilimwona kabisa mtu yule, mgongo unamuuma, mwanga unaisha, na bado hajaridhika. Mtu akifanya kazi hivyo unamjua, hata kama ni wa mbali.

Nikasema moyoni: nikipaka, Ijumaa Mama Jashu atauimbia uso wangu mimi. Atauwekea wali wa maziwa uso uliotengenezwa na mimi, Masika wa Butembo, kwa rangi ya kichupa. Halafu likaja la pili, na hili lilinitisha zaidi. Kushona kwato za ng'ombe nilijitetea kwamba ni ufundi. Kuchora uso wa kuabudiwa si ufundi. Hilo limekatazwa kwenye kitabu changu kwa maneno ambayo hata mimi niliyeishia darasa la sita nayasoma bila kuuliza.

Nikafunga kichupa. Rangi nilimpa Suhaib, akaiandikia bei aiuze.

Ijumaa saa nane mchana nilivuka barabara. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Mama Jashu alikuwa jikoni anakoroga wali wa maziwa, mkono mmoja kwenye meza ili asianguke, ameoga, amevaa sari mpya nyeupe. Iliki ilinukia mpaka getini.

"Umechelewa," alisema. "Limependeza?"

"Kiraka kimependeza, mama."

Akaacha kukoroga. Watu wazima tunasikia kilichoachwa nje ya jibu.

Nikamfunulia kwenye meza ya kulia chakula. Nikamwambia yote kwa mpangilio, tambara, fulare, ukingo mwekundu, pasi. Sikusema samahani mpaka nilipofika mwisho, kwa sababu nilitaka kwanza ajue ni kitu gani anaombwa kusamehe. Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa. Akapitisha kidole hewani, bila kugusa, pale palipokuwa uso.

"Mimi nilisema usilifue."

"Sikulifua, mama. Nilidhani mvuke si kufua."

"Ulidhani."

"Ndiyo."

"Miaka mia na zaidi," alisema. "Wamelivusha bahari. Limepita Mombasa, limepita Mwanza. Mama mkwe wangu alilifunga tumboni kama mimba siku walipofukuzwa nyumba yao mjini. Na wewe umedhani."

Nikatafuta neno la kumfariji, na nikalitafuta vibaya. "Mama, si ulisema kwenye ile ngoma anajificha? Labda..."

"Usinitolee hadithi yangu mwenyewe!" Fimbo ilipiga sakafu. "Toka."

Nikatoka. Nilifika getini, maua ya mjakaranda yamejaa chini, ya zambarau, yanateleza. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo nikasikia ndani kiti kinaburutwa, kimya, kinaburutwa tena.

"Mama Orpha!"

"Naam, mama."

"Nani atanipandia ngazi?"

Nikarudi. Alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili, anakitazama kama mtu anayetazama mlima. Nilileta ngazi, nikapiga misumari minne, nikatundika pazia nyuma ya kile kijumba cha mbao, yeye akiniongoza kwa fimbo: juu, kushoto, shuka kidogo. Tulipomaliza tukasimama. Wanawake wanane, mikono juu, wote wanatazama mavazi yasiyo na mtu.

Saa kumi na mbili na nusu adhana ya magharibi ilitoka msikiti wa kwanza, ikafuatwa na wa pili. Mwezi ulitokea nyuma ya matangi ya maji ya ghorofa za barabara ya pili, mkubwa, mwekundu kidogo kwa vumbi. Mama Jashu aliweka bakuli la wali wa maziwa kwenye kibaraza upigwe na mwanga, kisha likaingizwa mbele ya Thakorji. Akawasha taa ya samli. Akafungua pazia dogo la kijumba, mtoto akaonekana na shali yake, ile ya pindo la dhahabu. Akaketi kwenye kiti kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa sakafu. Akafungua mdomo aimbe.

Hakuimba. Alikaa hivyo.

Mimi nilikuwa kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama nilivyosimama siku zote.

"Kiko wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Nini, mama?"

"Kitambaa chako. Alichoondoka nacho."

"Kwenye mkoba."

"Umekifua?"

"Sikuweza."

"Kilete."

Nilikitoa. Nilikuwa nimekikunja kwa ndani, rangi isiguse chochote. Nilipokikunjua, ule msalaba wa pembeni ulitokea kwanza, na mkono wangu ukasita.

"Mama, hiki ni cha kanisa. Kina alama yetu."

"Nimeiona. Mimi hainisumbui. Inakusumbua wewe?"

Nikafikiri kweli. Kesho kutwa ni Jumapili ya akina mama, tunaingia kwa mstari na fulare nyeupe, na Mama Marcelline, kiongozi wetu, huzipitia kichwa kwa kichwa. Nikafikiri pia habari ya kitabu changu. Kuchora sikuchora. Hiki hakikuchorwa na mtu, kilitokea kwa kosa langu, na kosa langu ni langu kulilipia.

"Inanisumbua," nikasema. "Lakini chukua."

Nikapanda ngazi mara ya pili, nikakibana kwa pini nne za ushonaji chini ya mti. Kwa kuwa aligeuzwa, hakukaa sawasawa kwenye mavazi yake. Filimbi ilielekea kulia badala ya kushoto, na yule mwanamke wa nyuma hakutazamwa tena. Sasa alitazamwa yule wa mwanzo upande wa pili.

"Amebadili," alisema Mama Jashu. Kwa sauti kavu tu, kama anayesema wageni wamebadili viti. Kisha akaanza kuimba, sauti nyembamba, inakatika, inarudi. Sikuyajua maneno. Nilisikia uchovu wake ndani yake, na kitu kingine kilichokuwa kikiubeba ule uchovu, sijui nikiiteje. Niliwaza maji ya Firmin yanayopoa kwenye sufuria. Sikuomba pale, lakini sikuondoka.

Alipomaliza akafunga pazia dogo ili bwana ale, akangoja, akafungua. Akatoa ule wali mbele yake, akajipakulia. Kisha akaenda jikoni polepole, akarudi na bakuli la kifuniko cha kijani.

"Lako."

Nikalishika, la moto, kama lililokaa juu ya jiko. Wali wa maziwa, zabibu, iliki. Huu si wa dukani. Wali huu nilimwona akiukoroga kwenye sufuria moja.

"Mama, huu haukukaa mbele yake?"

"Hapana. Niliutoa kabla."

"Kabla yake?"

"Kabla."

Nilisimama na bakuli mkononi. "Na zile ladu? Maandazi?"

"Nani aliyekwambia nanunua ladu? Hawa wa huku wanajua kutengeneza ladu?"

"Lakini wewe ulisema hata chumvi, mama. Ulisema hata chumvi huonji, usimtangulie."

"Nilisema."

"Miaka miwili?"

"Wewe ulisema huli alichokula yeye. Ningefanyaje, nikae nakula mbele yako?" Akajikalia, akavuta sari begani. "Kila siku namwomba radhi. Kila siku, nikimwamsha, jambo la kwanza ni hilo. Hajawahi kunijibu. Kula, unapoa."

Nikala. Nilikaa sakafuni, ndani ya kizingiti, nikala mpaka mwisho. Sukari ilikuwa imezidi, maana hakuwa ameonja.

Jumamosi Hemant alifika saa tatu na gari la mizigo. Alilitazama pazia lililokuwa bado ukutani, akaiona fulare na pini zake, akamuuliza mama yake kwa Kigujarati. Alimjibu maneno mengi. Hemant akanigeukia, akanitazama muda, akatikisa kichwa kidogo. Sikujua ni cha kushukuru au cha kulaumu, na sikuuliza. Mama Jashu mwenyewe alikunja pazia, fulare ikiwa ndani yake na pini zake. Thakorji alimpakata mapajani kwenye gari, amefunikwa shali.

"Kiswahili chako bado kibaya," aliniambia dirishani.

"Nitajifunza, mama."

"Na nani?"

Gari likaondoka. Lilisimama kwenye robot, taa za barabarani pale kona, kisha likapinda.

Jumapili nilikaa safu ya nyuma, pamoja na wageni na wale wasio na sare. Baada ya ibada Mama Marcelline alinijia, mpole, ila macho kichwani kwangu.

"Mama Orpha, fulare yako iko wapi?"

"Sina, mama."

"Imepotea?"

"Haikupotea."

Alingoja niongeze neno. Nikamwambia nitashona nyingine, na kwamba mpaka hapo nitakaa nyuma. Akasema sawa, akanishika bega, akaenda kwa wengine.

Jumatatu nilifungua kazi mapema. Mapambo ya sare za shule, suruali mbili za kufupisha, koti. Saa mbili na nusu, saa ya kengele yake, mguu wangu ulitoka kwenye pedali. Nilitazama ng'ambo, bati jekundu, geti lililofungwa kwa mnyororo.

Suhaib alichungulia. "Uzi umekatika, mama?"

"Haujakatika."

Nikangoja muda unaotosha mtu kunywa maziwa, kisha nikaendelea na suruali.